Fungueni Hizo Korti

Shida ya tenisi hapa Kenya ni geti. Naongelea lile geti la kilabu lenye soja na kitabu cha wageni, mahali unaulizwa "unaona nani?" kabla hata hujasalimia. Pita hapo katikati ya wiki, likizo ya Agosti: korti zimefagiliwa, chokaa imepigwa, neti iko juu, na hakuna mtu anacheza. Nje ya ua, watoto wamefunga kamba kwa nguzo mbili za stima, wanapigia mpira hapo juu na vipande vya mbao.

Na kusherehekea tunajua, wacha tu. Julai 2022 Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya wasichana, wachezaji wawili wawili, na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kila mtu akaweka picha yake kwa status. Machi 2024 akabeba dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra, tukapost tena. Msichana aliyelelewa na nyanya yake hapa Nairobi. Sasa niambieni, yule wa kumfuata anafanyia mazoezi wapi leo?

Huku kwetu kuna kocha mmoja, simtaji jina kwa sababu bado anahitaji kazi. Alianza kama mwokota mipira, kama makocha wengi wa hizi vilabu. Analipwa kwa saa na wanachama anaowafundisha. Lakini Jumamosi, saa saba hadi saa tisa, wanachama wakienda lunch na jua likiwa kali vibaya, alikuwa anaingiza watoto wa mtaa bure. Nimemsaidia karibu mwaka mzima, kazi yangu kubwa ikiwa kuhesabu mipira isipotee.

Kuna kitu pale nilijifunza na watu wengi hawajui. Tunadhani tenisi ni ya watu wawili kwa korti nzima ya mita 23.77, kwa hivyo watoto thelathini hawawezi kutosha. Wapi! Mtoto mdogo anaanza na mpira mwekundu, ambao ni mwepesi na unaenda polepole kwa asilimia 75 kuliko ule wa manjano, na kiwanja chake ni mita 11 tu. Unakata korti moja kwa upana, unapata viwanja vinne. Shirikisho la dunia, ITF, liliona hii kitu ina maana hadi tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa kawaida. Mpira wa kawaida unampita mtoto juu ya kichwa, anachoka, anarudi kwa boli.

Na huyu kocha hapigi kelele. Mtoto akikosa mara tano, anamwambia, "Wacha ukuje, utakupata." Basi. Kuna msichana wa miaka tisa alikuja akishika raketi kama mwiko wa ugali. Kufika Juni alikuwa anarudisha mipira kumi na miwili mfululizo, huku wenzake wanahesabu kwa sauti.

Hiyo kuhesabu kwa sauti ndiyo ilileta shida. Mwezi uliopita kamati ya kilabu ilibandika notisi: programu imesimamishwa. Sababu ni kelele, pia viatu, ati watoto wengine wanacheza miguu mitupu wanaharibu korti. Korti ni ya murram, jameni.

Sitajifanya hawana hoja. Murram inataka maji, kupigwa rola na chokaa kila siku, na wanaolipia ni wanachama. Lakini hizo saa mbili hakuna mwanachama amewahi kuzitaka. Raba za mtumba tunaweza kuchanga. Kuna mtu alipendekeza watoto walipe kwa kuokota mipira ya wakubwa. Hapana. Kocha mwenyewe alipitia hapo, na ndiye alikataa wa kwanza.

Kamati inakutana Alhamisi. Tumepata sahihi sita za wanachama, na sheria zao zinataka kumi ndio jambo lijadiliwe. Kama mzazi wako au anko wako ni mwanachama wa kilabu chochote, si lazima hiki chetu, leo jioni muulize swali moja tu: Jumamosi saa saba, korti zenu huwa na nani?