Kwa mpwa wangu uliyeanza kemia chuoni

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako atakutumia unga wa lishe kwa basi la Ijumaa. Amenieleza kwamba kemia ya muhula wa kwanza inakutisha, na kwamba umeshanunua madesa, yale maswali na majibu ya waliokutangulia, ili uyakariri. Hilo la madesa ndilo lililonikalisha mezani nikuandikie.

Miaka yote niliyofundisha somo hili sekondari, niliwaona vijana wenye kumbukumbu kali wakianguka, na wenzao wa kawaida kabisa wakipita. Waliopita walikuwa na tabia ya kuuliza: kilichoingia kimekwenda wapi? Lavoisier, yule Mfaransa, aliing'ang'ania hoja hiyo akiwa na mizani, na kitabu chake cha mwaka 1789 kikaweka msingi wa kemia unayosomeshwa leo. Katika mmenyuko wa kemikali hakuna atomu inayozaliwa wala inayokufa. Zinaachana na kushikana upya, basi.

Chukua chokaa ya kwetu pwani. Kwa karne nyingi watu walichoma mawe ya matumbawe, na kuta za magofu ya Kilwa na Gede zimeshikana kwa chokaa hiyo. (Uchomaji huo siutetei, unaumiza bahari na kumaliza miti, lakini hesabu yake ni tamu.) Jiwe lile kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16 kila moja, jumla 100. Likifika kwenye joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya ukaa inatoka. Ukichoma kilo 100 za kaboneti safi mpaka mwisho, unatoa tanurini kilo 56 tu za chokaa. Asiyejua kemia atamshuku mlinzi! Kilo 44 zimepanda angani, na hakuna aliyeziona.

Sasa izime chokaa hiyo. Kilo 56 zinakula kilo 18 za maji na kuwa 74, zikitoa joto kali ambalo kila fundi analiogopa. Ikishapakwa ukutani, inanyonya polepole hewa ya ukaa, kilo 44 zilezile, inarudi kuwa kaboneti kilo 100 na kuachia maji kilo 18. Jumlisha pande zote mbili uone kama kuna kilo iliyopotea. Kaa na mfano huu jioni nzima, uandike milinganyo yake mitatu bila kuchungulia popote. Ukiiweza, sehemu kubwa ya muhula huu haitakusumbua.

Kinachowachanganya wengi ni moli. Atomu hazihesabiki kwa vidole, kwa hiyo tunazipima kwa uzito na kuhesabu kwa mafungu. Tangu 2019 fungu moja, yaani moli, limewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Idadi hiyo inaitwa namba ya Avogadro, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1856 bila kuijua; Jean Perrin ndiye aliyependekeza jina hilo mwaka 1909. Usihangaike na tarakimu zake zote. Jua kazi yake: mizani inasoma gramu, mlinganyo unazungumza kwa idadi ya chembe, na moli ndiyo inayokuvusha kutoka huku kwenda kule. Moli moja ya maji ni gramu 18, zaidi kidogo ya kijiko cha mezani. Swali likikupa gramu, zigeuze ziwe moli kwanza, soma uwiano kwenye mlinganyo uliosawazishwa, kisha urudi kwenye gramu. Na kila namba iandike na kipimo chake. Nimesahihisha madaftari mengi mno ambayo kemia yake ilikuwa sahihi na jibu limeharibika kwa sababu mililita zilisomwa kama lita. Wala usiandike tarakimu nane kwa kuwa kikokotoo kimezitoa, wakati mizani yako ilisoma tatu.

Kuhusu maabara sina mengi. Vaa miwani. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Ukisoma bureti, jicho liwe usawa mmoja na sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wa kimiminika. Andika ulichokiona, hata kama meza ya jirani imepata namba nzuri kuliko yako.

Madesa usiyatupe, umeshayalipia. Funika majibu, fanya swali kwa mkono wako hadi mwisho, ndipo ufunue. Kusoma swali lililokwisha kufanywa kunampa mtu hisia ya kuelewa, na hisia hiyo imewapeleka wengi kwenye sapu, yaani kurudia mtihani, wengine wakadisko na kuondoka chuoni kabisa. Tafuta wenzako wawili makini, mweleze mmoja wao kwa Kiswahili ulichofundishwa kwa Kiingereza. Ukikwama katikati, hapo ndipo hujaelewa. Na pale utakapokwama, mfuate mhadhiri ofisini wiki hiyohiyo. Akikuona mara ya kwanza siku mbili kabla ya mtihani, hana la kukusaidia.

Jaribio la kwanza likirudishwa, usinitumie alama peke yake. Piga picha karatasi nzima, pamoja na zile hesabu ulizozikata, unitumie nizipitie.

Mjomba wako.