Lagangabilili: Kadi ya Chanjo na Safari ya Makka

Msafiri atokaye Mwanza huipita Magu, akafika Lamadi kwenye harufu ya samaki, kisha hulipa ziwa kisogo na kushika njia ya Bariadi. Kutoka hapo hadi Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, macho hayana kizuizi: mashamba ya pamba, makundi ya ng'ombe na mbuga tambarare. Tulifika wakulima wakipeleka pamba kwa mikokoteni kwenye ghala la chama cha msingi. Huku salamu ya kwanza ya asubuhi ni "Mwangaluka". Waislamu ni wachache, na huenda ndiyo sababu mgeni haachwi atoke msikitini kabla hajaulizwa atakula wapi.

Tulikaribishwa na mzee mmoja mkulima. Baada ya ugali alituletea, bila kuombwa, mfuko wa nailoni wenye pasipoti na kadi ya chanjo ya UVIKO-19.

Wasomaji wetu wanakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2021 uongozi wa nchi ulizitilia shaka chanjo hizo hadharani. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, na serikali ikatamka kuwa chanjo ni hiari. Mkulima wa Itilima alizisikia kauli zote mbili redioni ndani ya miezi michache. Mzee wetu alichanja kwa kuwa alikuwa ameuza ng'ombe kwa nia ya Hija. Mkewe alikataa. "Mimi siendi Makka mwaka huu," alimwambia, "na hakuna aliyekaa akanieleza." Hakunyimwa dawa za zahanati wala viuatilifu vya pamba.

Tunaona hilo lilikuwa sawa. Jirani zetu Kenya walielekea kwingine: Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanja hatapata huduma zake, mpaka Mahakama Kuu ilipousimamisha mpango huo. Kumfungia raia mlango wa huduma anayoilipia kodi, kwa sababu ya kadi, ni kumlazimisha huku ukidai hukumgusa. Lakini maneno ya yule mama yalituuma zaidi. Aliachiwa uamuzi, hakupewa elimu ya kuuamulia.

Imamu, aliyekuwa nasi mkekani, alikumbusha safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kuelekea Sham, alipopata habari ya tauni. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akawasikiliza. Aliamua kurudi, na Abu Ubaida akampinga waziwazi. Ndipo Abdurrahman bin Auf akafika na mafundisho ya Mtume (S.A.W.): ardhi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo haikimbii. Khalifa mzima alishauriana na watu wake njiani. Huku kwetu wapo watendaji wanaoona kipaza sauti kinatosha.

Masharti ya Makka, hata hivyo, hatuyaweki katika fungu la kadi za Nairobi. Baada ya mlipuko wa mwaka 1987 miongoni mwa mahujaji, Saudi Arabia ilianza kudai chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na umma umeizoea. Mwenye nyumba anayepokea wageni kutoka kila bara ana haki ya kuuliza wanakuja na nini, kwa kuwa wageni hao hurudi kwenye vijiji kama hiki.

Mwaka 2022 mlango ulifunguliwa kwa mahujaji milioni moja, waliochanjwa na wenye umri usiofika miaka 65. Mzee wetu alikuwa na 67. Kadi yake ilikuwa halali, nauli ilikuwa tayari, na hakwenda. Mwaka 2023 kikomo cha umri kiliondolewa, lakini fedha za ng'ombe zilikuwa zimeshalipia matibabu ya mjukuu.

Sasa wanangoja malipo ya pamba. Safari hii wanataka kwenda wote wawili. Mama ameshafika zahanati mara mbili kumuuliza muuguzi, chanjo moja baada ya nyingine, inazuia nini na inaleta maumivu gani, na anasema bado ana maswali.