Siku Moja ya Kushusha

Naishi kwa msumeno. Nilianza kwa kuchoma mkaa upande wa Kisarawe, na viwanda vilipoanza kujengwa Zegereni nikahamia kazi ya kusafisha viwanja. Mwenye eneo akishapata kibali huniita mimi na vijana wangu: tunaangusha, tunachambua matawi, magogo yanaondoka, moto unamaliza mengine. Mkongo nilipouona niliona mbao, mkwaju niliona mkaa. Vilivyoota juu ya matawi vyote niliviita kirukia, na kirukia hakina bei.

Aliyenibadilisha ni dada mmoja, mwanafunzi wa botania, aliyeomba apite kwenye matawi kabla hatujawasha moto. "Kaka, vilele vya miti mnavijua nyinyi," alisema. "Sisi tunavitazama kutoka chini." Akabandua fundo la mizizi ya kijivu lisilo na hata jani moja, akalimwagia maji yangu ya kunywa. Mizizi ikageuka kijani tukiwa tunaitazama.

Ile ilikuwa okidi ya kundi la Microcoelia, ambalo makao yake ni Afrika, Madagaska na visiwa vya jirani tu. Haina majani, kwa hiyo mizizi ndiyo inayoitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kila mzizi umevikwa ganda la seli zilizokufa ambazo hunywa mvua na umande mara moja. Likilowa, mwanga hupenya na kijani cha ndani huonekana. Kirukia cha kweli hutoboa gome na kunyonya mti. Okidi hii imeshikilia gome basi, mti ni pa kukaa tu. Mimi nilizichoma zote mbili kwa jina moja.

Nikamuuliza kwa nini huku kwetu haziwi nyingi kama Usambara. Kule, alisema, ukungu huinywesha mimea ya juu ya miti karibu mwaka mzima. Mwambao una kiangazi kirefu, kwa hiyo hubaki zinazojua kuvumilia kiu. Duniani aina za mimea inayokaa juu ya miti bila kuinyonya zimeorodheshwa zaidi ya 31,000, karibu moja ya kumi ya mimea yote yenye mishipa, na theluthi mbili hivi ni okidi. Afrika ina chache kuliko Amerika ya Kusini. Lakini misitu ya mwambao, kama Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, imebaki vipande vipande katikati ya mashamba, na ndani yake imo mimea yenye eneo dogo mno la kuishi. Kuna mti uitwao Baphia puguensis, jina umepewa kwa Pugu yetu. Kwa mimea kama hiyo, kiwanja kimoja si kitu kidogo.

Hifadhini siingii, na okidi za porini zimo zote kwenye CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, kwa hiyo wanaokuja kuulizia za kuuza hotelini nawarudisha. Nashusha zilizo kwenye miti iliyokwisha kuhukumiwa. Mwanzoni niliibandua mizizi, ikakauka. Sasa nakata tawi pamoja na gome lake, nalifunga kwa katani kwenye mwembe, upande wenye kivuli kama alichozoea mmea. Gome nalitunza makusudi: mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula, haioti bila kuvu wa kuilisha, na kuvu huenda yumo humo.

Mzee jirani, mwenye miembe, alinijia juu. "Unaniletea kirukia shambani?" Nikamkatia tawi moja, akaona mwenyewe gome halikutobolewa. Ameniachia miembe miwili ya nyuma, ile isiyozaa vizuri.

Nikipatana bei na mwenye kiwanja, nadai siku moja ya kushusha kabla msumeno haujawashwa. Wengi hukataa, siku ni hela. Kazi hizo nawaachia wenzangu, isipokuwa mwezi wa ada za shule.