Safari ya Bobi Kwenda Kinondoni

Bobi alikuwa akivuja damu sehemu za siri. Kila alipolala barazani aliacha doa, na majirani zetu wa Mbagala Rangi Tatu walishakata shauri: mbwa huyo ameoza, mtafutie sumu. Mimi niliona bado anakula, bado anabweka usiku geti likiguswa. Nikaamua kumpeleka kwa daktari wa mifugo niliyeelekezwa, Kinondoni. Sikuwahi kukatiza jiji na mbwa.

Daladala hazipakii mbwa. Dereva wa bajaji niliyemfuata kwanza alinijibu kwa upole: "Dada, mimi naswali. Mate yake yakigusa kiti, lazima nioshe mara saba. Usinichukulie vibaya." Sikumchukulia vibaya hata kidogo, na yeye mwenyewe akaniitia mwenzake. Huyo alikubali kwa sharti la turubai, tukalitandika chini, Bobi akalala miguuni pangu.

Barabara ya Kilwa ilikuwa na foleni. Kwa Aziz Ali honi za malori zilimtia hofu akataka kuruka. Nikamkumbatia kifuani, moyo wake ukinidunda mkononi. Tulipofika kituo cha Veterinari, Temeke, dereva akauliza kwa nini tusishukie hapo. Nikamweleza kwamba pale kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, ila daktari wetu yuko mbele. Tazara tukashika Barabara ya Nyerere, kisha Kawawa, tukapita Kigogo na Magomeni hadi Mkwajuni.

Daktari alimfunga Bobi mdomo kwa bandeji, akavaa glavu na kumchunguza. Uvimbe ulikuwa mwekundu, wenye vinundu kama koliflawa, na ulitoa damu ulipoguswa tu. Akaugusisha kioo cha maabara, akakipaka rangi, akaniita kwenye darubini. Niliona seli za mviringo zimejazana, ndani yake mna vitundu vyeupe vilivyojipanga.

"Ni saratani, dada," alisema, "lakini hii inatibika."

Akanifafanulia. Saratani nyingi huanza na kuishia ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hii huhama: seli zake zikiwa hai hutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, kunusana au kulambana. Vinasaba vimeonyesha kwamba uvimbe wa aina hii, popote duniani, ulianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Binadamu haimpati. Huwapata zaidi mbwa wanaozurura, na mitaani kwetu mbwa wengi hufunguliwa usiku.

Dawa yake ni vinkristini, iliyopatikana kwanza kwenye mmea wa maua ya zambarau wenye asili ya Madagaska, ambao watu wengi wameupanda uani kama pambo. Dawa hiyohiyo hutibu watoto wenye saratani ya damu, na wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Kampala mwaka 1958. Mbwa huchomwa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na damu hupimwa kwanza kuona kama chembe nyeupe zinatosha. Daktari aliichoma taratibu kwenye mshipa wa mguu wa mbele, maana ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Akaniagiza nivae glavu nikisafisha mkojo na matapishi yake, watoto wasivikaribie, na akipona ahasiwe.

Tukiwa njiani kurudi, dereva aliuliza kama sindano hiyo ingemfaa mbwa wa kaka yake kule Chamazi, anayefungiwa nyuma ya banda kwa sababu ya damu. Nikampa namba ya daktari.

Matibabu ya Bobi yanaendelea, na uvimbe umeanza kunywea. Mbwa wanatulindia nyumba usiku kucha, nasi tuna wajibu kwao. Ukimwona mbwa anavuja damu hivyo, mpeleke akapimwe kabla hujasikiliza ushauri wa sumu.