Pampu ya Umeme katika Lori la Vita

Mtu aliyezaliwa Lulindi, kwenye hospitali ya misheni aliyoitumikia Daktari Leader Stirling tangu mwaka 1935, akaishia kuwa fundi wa magari badala ya kuwa mwalimu au mganga msaidizi kama wazee wake walivyomtarajia, huulizwa mara kwa mara ni kitu gani kilichompotosha. Nami jawabu langu ni kwamba nilipotoshwa na malori ya vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha ule mpango wao mashuhuri wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya makao yake, wakakusanya kwa ajili yake magari na mitambo mingi iliyosalia vitani. Na mpango ulipovunjika mwaka 1951, vyuma vile vikatawanyika mikononi mwa watu. Hata reli ya karanga ilifungwa mwaka 1962, lakini malori hayakuifuata kaburini. Ufundi nikajifunzia Ndanda, katika karakana za Wabenediktini, nikarudi kwetu na sanduku la spana.

Lori ninalolikusudia hapa ni Bedford QL, namna iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1941 kwa ajili ya jeshi, lenye injini ya petroli ya silinda sita na nguvu za farasi 72, magurudumu yake manne yote yakivuta, na kichwa chake kikikaa juu ya injini yenyewe, hata dereva anayepanda Newala mchana wa mwezi wa Oktoba huwa kama chapati juu ya kikaango. Umri wake ulikuwa mkubwa, walakini msimu ule wa korosho wa 1973 kwenda 1974, ambao nchi nzima ilivuna takriban tani 145,000, haukumbagua mzee wala kijana: kila kilichoweza kubiringika kilitafutwa, na kila mwenye lori alijiona tajiri.

Mwenye lori hili, mfanyabiashara wa Masasi, alikuwa amefikwa na jambo la kawaida. Pampu ya asili ya petroli, ile inayofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti, ilichanika dayaframu, na dayaframu ya gari la vita haikupatikana madukani. Wako waliokata kipande cha tyubu ya baisikeli wakakitia mahali pake; lakini mpira wa namna ile ukikutana na petroli huvimba na kulegea, na safari moja ndefu humaliza udanganyifu wote. Yeye akapelekwa kwa fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, akafungiwa pampu ya umeme aina ya SU iliyotolewa katika gari dogo la Kiingereza. Shauri lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika kudhani kwamba pampu mpya haidai kitu ila kuungwa na waya.

Lori likawa linakwenda vizuri asubuhi na katika nchi tambarare, lakini likifika mlimani na shehena ya mahindi na chumvi, jua likiwa la utosi, hukohoa likazima. Wakilipumzisha kivulini kitambo, huwaka na kwenda zake. Tangi lilioshwa, chujio likabadilishwa, petroli ikalaumiwa, na baadhi ya watu wakanong'ona kwamba mlima una wenyewe. Hatimaye dereva akaliteremsha Lulindi.

Nilimwambia afungue swichi, asiwashe injini, nasi tukanyamaza kusikiliza. Pampu hizi zina sumaku ya umeme inayovuta dayaframu, na pointi zinazokata na kurudisha moto, hata zikawa zinagonga: tik, tik, tik. Kabureta ikisha kujaa, boya hufunga mlango, petroli haina pa kwenda, na pampu hunyamaza. Hii haikunyamaza. Iligonga kwa haraka hata nikachoka kuisikiliza. Basi ama ilikuwa inavuta hewa, ama petroli ilikuwa inatoroka mahali. Nilitia mdomo wa bomba katika chupa nikaona petroli inakuja bila mapovu, ila kwa unyonge; nikalala chini ya lori, na mchanga ulikuwa mkavu kabisa.

"Na oili je, mwanangu?" nikamwuliza dereva.

Uso ukamkunjuka. "Oili, mzee? Gari hili lina baraka. Tangu tufungiwe pampu hii sijaongeza hata kikombe. Kila nikipima naikuta imezidi!"

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikampa anuse. Yule fundi alikuwa amefunga pampu mpya bila kuiondoa ya zamani, akapitisha petroli ndani ya ile ile iliyochanika, hata ikawa pampu ya umeme inasukuma kwa bidii, na nusu ya kazi yake inaingia katika sampu. Oili iliyochanganyika na petroli hupoteza utelezi wake na kuua beringi, fauka ya hatari ya mvuke wa petroli kuwaka ndani ya injini. Na hizo ndizo baraka kijana aliyokuwa akizishukuru kila asubuhi. Niliiondoa pampu ya kale, nikaziba tundu lake kwa bamba la chuma na gasketi, nikaunga bomba moja kwa moja hadi kabureta, tukamwaga oili yote na kutia mpya. Safari hii pampu iligonga kidogo, ikanyamaza.

Dereva alitaka kuondoka saa ile ile, nami nikamzuia. Dayaframu iliyochanika haiponi kwa kukaa kivulini, ilhali maradhi ya lori hili yalikuwa yakipoa kila likipoa. Kwa hiyo nilijua kwamba lipo jambo jingine lililofichwa nyuma ya hili. Nikapanda nao kesho yake kwenda Newala na shehena kamili, mchana, kwa maana gari linalougua mchana halipimwi asubuhi.

Lilizima mlimani, juu kidogo kuliko desturi yake. Pampu ilikuwa imefungwa mbele, karibu na injini, na bomba la kutoka tangini lilipita jirani na ekzosi. Niligusa nikauondoa mkono upesi. Nikavua kitambaa cha kichwani, nikamwomba utingo chupa yake ya maji.

"Mzee, haya ni ya kunywa!"

Naye alikuwa na haki. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, maji huletwa kutoka mabondeni, na kabla ya mitambo ya kuyapandisha kujengwa katika miaka ya hamsini, akina mama walikuwa wakiteremka genge zima kwa ajili ya mtungi mmoja. Walakini nilimwahidi soda Newala, nikalowesha kitambaa, nikakizungusha bombani na juu ya pampu. Muda si muda tukasikia pampu inashika petroli, injini ikawaka.

Sababu yake ni hii. Petroli inayovutwa huchemka upesi kuliko inayosukumwa, kwa kuwa mvuto hupunguza kani inayoizuia isigeuke mvuke. Na pampu iliyoundwa kusukuma petroli ikipewa mvuke hubaki inagonga bure. Pampu ile ilikuwa ya kukaa nyuma karibu na tangi, na huko katika gari lake la kwanza ndiko ilikokuwa. Kuifunga mbele mahali penye joto, na tangi likishuka chini yake kila lori linapoinua kichwa mlimani, kulikuwa ni kuipa kazi isiyo yake.

Tuliporudi niliihamishia ubavuni mwa tangi, na katika kuifungua nikaona kwamba ilikuwa imepigiliwa kwenye ubao, haina ethi ila ile iliyopata kwa bahati kupitia bomba la petroli. Balbu ya taa ya nyuma niliyoijaribu nayo iliwaka nyekundu kama kaa linalozimika. Nilipovuta waya hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi, ikawaka nyeupe. Nikatia fyuzi, nikaliepusha bomba na ekzosi, kisha nikafunga swichi ya peke yake karibu na mkono wa dereva, maana pampu ya kale ilikufa pamoja na injini, lakini hii ya umeme haina habari kwamba injini imezima au lori limepinduka, nayo itamwaga petroli juu ya chuma cha moto maadamu betri ingali hai. Dereva nikamkalisha chini, nikamfunza kuikata hata kama amesimama kununua muhogo tu.

Lori lilimaliza msimu likipanda Newala na kushuka na korosho. Tajiri wake akaja na ujira wangu, na nyuma yake lori la pili la namna ile ile, akitaka nilifungie nalo pampu ya umeme, maadamu sasa nimekuwa bingwa wake. Nililisikiliza, nikanusa oili, nikatazama pampu yake ya asili: dayaframu nzima, bomba kavu, kabureta imejaa. Nikamwambia alirudishe kazini kama lilivyo, na fedha ya pampu anunue tairi, kwa kuwa mbili za mbele zilikuwa zimekwisha kuonyesha nyuzi.