"Mwalimu, Silali"

Miaka michache iliyopita, muhula ukiwa unakaribia ukingoni, kijana mmoja wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu akiomba kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi yake. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio. Sikumkaribisha kiti, nakumbuka vizuri, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kimejaa makaratasi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa maneno mawili: "Mwalimu, silali." Nami, kwa ule wepesi wa watu wazima wanaodhani kwamba wamekwisha kuyapitia yote, nikacheka kidogo na kumwambia kwamba hata sisi tulipokuwa na umri wake hatukulala, usingizi atauona baada ya shahada. Nikampa siku tatu. Alishukuru, akaufunga mlango taratibu.

Kazi ile hakuileta. Jina lake lilipotokea katika orodha ya waliositishwa masomo, "waliodisko" kwa lugha ya wanafunzi, nilimhesabu miongoni mwa wazembe. Mwaka uliofuata kaka yake alinipigia simu akiulizia nakala ya matokeo, na hapo ndipo niliposikia yaliyobaki. Kijana alirudi nyumbani akisikia sauti za watu wasiokuwapo. Familia ilianzia kwa mganga, ikaenda kwenye maombi, ikarudi kwa mganga wa pili, na kwa majuma kadhaa alifungwa kamba chumbani asije akapotelea njiani. Miezi tisa ilipita kabla ya kufikishwa kwa daktari. Sasa anatumia dawa, ametulia, anamsaidia mama yao dukani. Kabla ya kukata simu, yule kaka aliniuliza, bila ukali wowote: "Hivi Mwalimu, huko chuoni hamkuona kitu?"

Tuliona. Mwenzake wa chumbani aliona taa ikiwaka hadi alfajiri. Wenzake wa kundi la majadiliano waliona ameacha kuja. Mama lishe, kama ninavyowafahamu mama lishe wa pale, hakika aliona kwamba mteja wake haji tena kula hata baada ya "bumu" kuingia. Mimi nilisikia kwa masikio yangu mawili. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande mkononi, na hakuna aliyejua kipande chake kinaitwaje wala kinapelekwa wapi. Tunapozungumzia upungufu wa madaktari bingwa wa afya ya akili nchini, nao ni upungufu wa kweli, tusisahau kwamba kijana huyu hakukosa daktari katika miezi ile tisa. Daktari alikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwelekeza huko.

Na umri nao una maana yake. Sehemu kubwa ya maradhi ya akili hujitokeza kabla mtu hajatimiza miaka 25, yaani katika miaka ileile anayokuwa darasani, bwenini, jeshini au kijiweni. Kwa maradhi kama ya kijana huyu, kadiri muda unavyopita bila tiba ndivyo safari ya kurudi inavyokuwa ndefu. Shirika la Afya Duniani linakutaja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29.

Mwaka jana nilialikwa kwenye mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa ofisi ya kata moja mjini Dodoma. Nilijidanganya kwamba nimealikwa kama mgeni rasmi, kumbe mshiriki. Walikuwapo waendesha bodaboda, mwenyekiti wa mtaa, shehe, mama mmoja wa kwaya na matroni wa hosteli binafsi. Mkufunzi wetu alikuwa muuguzi. Zoezi la kwanza lilikuwa kukaa wawiliwawili na kumsikiliza mwenzako kwa dakika tano bila kumpa ushauri. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilishindwa kabla ya dakika ya pili. Mwendesha bodaboda niliyepangwa naye alinitazama kwa huruma, akasema: "Dokta, mbona unanihubiria?"

Tulifundishwa kutazama mabadiliko yanayodumu: usingizi, ulaji, kujitenga, kuacha kile mtu alichokuwa akikipenda, maneno ya kukata tamaa. Kisha tukafika kwenye swali lenyewe, kwamba ukiwa na wasiwasi, umwulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Ukumbi ulinyamaza. Shehe akauliza kama huko si kumfungulia mlango mtu ambaye hakuwa na wazo hilo. Muuguzi akaeleza kwamba utafiti hauonyeshi hivyo. Swali halipandi wazo, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kupumua. Tukatakiwa kulitamka kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Sisi watu wa tafsida tumezoea kuliacha neno hilo magazetini.

Dodoma, bila shaka, ndiko iliko Hospitali ya Mirembe, na sote tunajua jina hilo tumelifanya nini. Ni mzaha wa vijiweni na tusi la wabunge wasio rasmi wa kwenye daladala. Kijana aliyekua akisikia "huyu apelekwe Mirembe" atauficha ugonjwa wake hadi umshinde. Nchini Zimbabwe jambo hili walilifahamu mapema. Daktari Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 na akina bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, walimwonya kwamba hakuna atakayekalia benchi linaloitwa la afya ya akili. Likaitwa Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na wahudumu hao wasio madaktari walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Kwetu mlango upo. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Ninachohofia ni desturi yetu ya semina: bango, posho, picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Mafunzo yasiyo na msimamizi wa kumrudia mhudumu baada ya mwezi, na zahanati isiyo na dawa, ni kumtuma mtu kisimani bila ndoo.

Kisha kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tunamwambia kijana "sema", ilhali aliyenusurika anaweza kujikuta mtuhumiwa. Ghana waliibadili sheria yao mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Wasomaji wangu mlioko wizarani na bungeni mnajua faili hufunguliwaje.

Kwa upande wangu niliandika barua chuoni kuomba wawakilishi wa madarasa wapewe mafunzo hayo. Nikajibiwa kwamba fungu halipo. Tukaanza hivyohivyo, Jumamosi moja asubuhi, na yule muuguzi aliyekubali kuja kwa nauli tu. Wanafunzi kumi na mmoja walikuja. Mwishoni binti mmoja akauliza: "Mwalimu, na sisi tukielemewa, tumwambie nani? Maana hayo mambo tutalala nayo sisi." Nikasema wanipigie mimi, kisha nikakumbuka kwamba simu yangu huizima saa tatu usiku. Nikawaambia hivyo. Tukachukua karatasi, tukapanga zamu; Jumatano na Jumapili ni zangu.