Taulo Linakaa Wapi?

Katika hadithi ya Kawabata Yasunari kuhusu mcheza ngoma wa Izu, iliyotoka mwaka 1926, kuna mahali pafupi ambapo wasomaji wengi hupakumbuka kuliko mwisho wake. Msimulizi, mwanafunzi kijana, anatazama ng'ambo ya mto kwenye bafu la maji ya moto ya asili. Kutoka kwenye mvuke anachomoka msichana, anakimbia hadi ukingoni, anasimama uchi na kupunga mikono. Kawabata anaongeza jambo moja dogo: hana hata taulo. Kijana anacheka kwa furaha, kwa sababu ndipo anapotambua kwamba huyu aliyemnyima usingizi ni mtoto tu.

Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nasimama hapo kwenye taulo. Mwandishi angeweza kusema "uchi" na kuendelea na safari. Lakini Wajapani wana kile kitambaa kidogo wanachoingia nacho bafuni, hukikunja na kukiweka kichwani ili kisiguse maji, kwa hiyo kila mtu mzima ana cha kujisitiri akitoka. Asiyekuwa nacho, wala asiyewaza kuwa nacho, bado hajaingia kwenye ulimwengu wa watu wazima. Mtu hujulikana umri wake kwa umbali wa taulo lake. (Najua wapo mnaomsubiri Douglas Adams na taulo lake la kusafiria angani. Huyo ana sikukuu yake kila tarehe 25 Mei, tumwachie.)

Mama yangu ana miaka 66. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara, na kwa miaka arobaini amekaa Nakuru akilalamikia baridi ya Nakuru. Magoti yake yamechoka. Mtaalamu wa viungo alimwambia maji ya moto yatamsaidia, siyo kukanda kwa kitambaa tu bali kuingia mzima, maji yabebe uzito. Mama alimsikiliza kwa adabu, akaja nyumbani akacheka. "Mimi niingie karai la wazungu?"

Karai lenyewe ni jakuzi, lile la nje, la mbao, ambalo hoteli nyingi za Naivasha wanalo siku hizi. Eneo lile lina haki ya kujivunia maji ya moto: Olkaria wanazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, na ndani ya hifadhi ya Hell's Gate kuna bwawa la kuogelea la maji yaleyale ya visimani, rangi ya maziwa yenye buluu, harufu ya salfa. Nimeliandikia habari mara mbili. Lakini bwawa lina watu, na Mama hana habari na watu. Jakuzi la hoteli usiku wa katikati ya wiki likawa suluhisho. Nikalipa, tukaenda.

Mama ana kovu la moto linaloanzia bega la kushoto likateremka hadi kiunoni. Stovu ya mafuta taa ililipuka mimi nikiwa na miaka mitatu. Nyumbani kwetu kovu hilo ndilo lililotumika kueleza kila kitu: kwa nini Mama haendi pwani kuogelea, kwa nini hafungui mlango wa chumba akibadilisha nguo, kwa nini hata harusini anajitanda leso juu ya gauni. Alikubali safari kwa sharti moja tu. Nguo yake ya kujifunika iwe mahali ambapo mkono wake unaifikia akiwa bado ndani ya maji.

Sharti dogo, si ndiyo? Nendeni mkaone hoteli zinavyofikiri. Pale mataulo yalikuwa mapokezi. Unatoa kadi, unapewa taulo moja, jeupe, zito, ukirudisha unarudishiwa kadi. Kutoka mapokezi hadi jakuzi ni ngazi, njia ya mawe, na bustani yenye taa chini ya kila mti. Tulipofika hakukuwa na kitu cha kutundikia: si msumari, si kiti. Nikaliweka taulo kwenye ukingo wa mbao. Mama akautazama ukingo ule, umelowa, akautazama mvuke unavyopinda na upepo na kulifunika lile taulo jeupe. Akaligusa. "Hili limeshaloa kabla sijaloa mimi." Akavaa viatu.

Nilimfuata kijana wa zamu kuuliza kama tunaweza kuwekewa kiti na mataulo mawili karibu. Alikuwa mpole kweli. "Madam, mataulo huwa hayatoki na yanakaa huku. Yakiachwa nje yanapotea." Hakuwa na makosa yake yeye. Aliyepanga hoteli ile alifikiria mtu anavyoingia kwenye maji. Jinsi anavyotoka hakuifikiria kabisa, na kwenye maji ya moto kutoka ndiko kugumu.

Majakuzi huwekwa kiasi cha nyuzi 40 hivi. Ukikaa humo dakika kumi na tano mishipa ya ngozi inapanuka, damu yote iko juu juu. Ukisimama ghafla kichwa kinazunguka, hasa ukiwa na umri wa Mama. Halafu kuna baridi. Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake hauna huruma. Gramu moja tu ya maji ikikauka kwenye ngozi inachukua takriban jouli 2,400 za joto, kiasi cha kupoza gramu 100 za maji kwa karibu nyuzi sita. Sasa fikiria mwili mzima uliolowa, upepo unavuma, na taulo liko mwisho wa njia ya mawe. Ukisikia mtu anasema taulo ni mapambo ya bafuni, huyo hajawahi kutoka kwenye maji ya moto usiku.

Waaislandi wanalijua hili. Kazi ilinipeleka Reykjavík mwaka 2019, kufuatilia uhusiano wa nchi yao na mvuke wetu. Wahandisi wengi wa Kenya wamesomea huko tangu miaka ya 1980. Jioni wenyeji walinipeleka kwenye mabwawa ya mtaa, yenye vile vyungu vya maji ya moto nje, theluji pembeni. Kabla ya kuingia unaoga uchi wa mnyama, na ukutani kuna picha ya mtu yenye alama za sehemu za kusugua, ili usije ukasema hukuambiwa. Kilichonishangaza zaidi ni rafu. Kati ya mabafu na chumba cha kubadilishia nguo kuna rafu za mataulo, na kila mtu anaacha lake hapo. Ukirudi kutoka nje unaoga, unanyoosha mkono, unajikausha papo hapo, ndipo unakanyaga sakafu kavu. Hakuna anayebishana. Mabibi wa miaka themanini wanapita mbele yako hivyo walivyo, wanaongea habari za bei ya samaki kwa kadiri nilivyotafsiriwa. Nilimfikiria Mama pale, nikaona asingeweza, hata kwa rafu ya dhahabu.

Tuliporudi nyumbani Mama hakulizungumzia jakuzi kwa wiki tatu. Kisha akanipigia. Amepata dawa.

Dawa ilikuwa ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20, ile nyeupe ambayo mafundi wakimaliza ukuta wanakuachia, yenye mfuniko wa kubana. Ameisugua, ameianika, ameiandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito kama daftari la darasa la nne. Ndani, chini kabisa, chupa ya soda iliyojazwa maji ya moto, imefungwa kwenye gazeti. Juu yake taulo kubwa. Juu ya hilo, taulo dogo la uso na mikono, kwa sababu, alisema, mkono uliolowa ukigusa taulo kubwa umeshaliharibu. Juu kabisa leso, ambayo ndiyo ya kwanza kuhitajika. Taulo lenyewe lilikuwa la zamani, jembamba, limefuliwa miaka. Alikuwa sahihi. Taulo jipya dukani lina dawa za kiwandani zinazofanya liteleze juu ya maji badala ya kuyanywa, na vile vimiminiko vya kulainisha nguo hufunika vitanzi vya pamba kwa utando. Vitanzi hivyo ndivyo taulo: Mwingereza Henry Christy aliviona Uturuki, vikifumwa kwa mkono, na mwaka 1851 mataulo ya aina hiyo yaliyofumwa kwa mashine yalionyeshwa London. Leso haina vitanzi. Hainywi maji mengi, lakini inakauka ukiitingisha mara tatu, na inafunika. Mama hakuhitaji Christy kumwambia tofauti ya kukausha na kusitiri.

Tukapanda matatu na ndoo. Mlinzi wa getini akauliza kama sisi ni mafundi. Mama akajibu, "Ndiyo, mwanangu, tumekuja kutengeneza magoti."

Ndoo ilikaa ukingoni, upande upepo unakotokea, mvuke ukaenda kwake kwingine. Upepo haukuweza kuipeperusha. Umande ulipoanza, mfuniko ulikuwa umefungwa. Mama aliteremka kwenye maji akiwa na leso, akaivua ndani, akanipa niirudishe mlangoni pa chumba ikakauke, maana ya kutokea ilikuwa nyingine, kavu, ndooni. Doti ina leso mbili na zote zilikuwa na kazi.

Alikaa kimya muda mrefu. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mfuniko. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile ya stovu alikuwa ananipashia maji ya kuoga.

Hilo nilikuwa silijui.

"Walikuja majirani wote," akasema. "Walinivua nguo inayowaka, walifanya vizuri, Mungu awalipe. Lakini nikasimama pale mlangoni, mtaa mzima unanitazama, wanaume, watoto niliokuwa nawafundisha. Kuungua sikukusikia bado. Nilikuwa natafuta nguo tu. Nanyoosha mkono hivi, hakuna kitu. Mpaka mama mmoja akavua leso yake mwenyewe."

Nilimuuliza ni nani. Akasema alishafariki, na kwamba leso ile ilimganda mgongoni ikabidi hospitali waikate. Akaniuliza saa ngapi. Dakika kumi na nane. Akafungua mfuniko yeye mwenyewe, akatoa leso, akaifungua hewani juu ya maji bila kuilowesha hata ncha, akainuka polepole ameshaizungusha. Nilimshika kiwiko tu. Taulo lilikuwa na joto.

Tumerudi mara nne tangu hapo. Kijana wa zamu siku hizi akituona anatutolea kiti, na mara ya mwisho alimuuliza Mama rangi ya ndoo ile inauzwa wapi, mfuniko wake ni mzuri. Juzi Mama amepiga simu asubuhi nikiwa kwenye mkutano wa chumba cha habari. Anataka kujua kama ile leso ya kijani ilibaki kwangu, kwa sababu Ijumaa anaenda na mwalimu mwenzake, na mwenzake hana ndoo.